Utafiti wa Afya kwa Pesa za Umma: Umebadilisha Nini Turkana?

Gari la watafiti linapofika Lowarengak, kwanza wageni hupiga hodi kwa chifu. Baraza linaitwa, maelezo yanatolewa na kutafsiriwa kwa Kiturkana, watu wanatia sahihi au dole gumba kwenye fomu. Damu inachukuliwa, maswali yanaulizwa, na gari linarudi Lodwar. Miezi inapita, kisha miaka. Waliokaa kwenye lile baraza hubaki na swali moja: yale yote yalitusaidia nini?

Ni swali la haki. Sehemu kubwa ya utafiti wa afya hulipiwa na umma, ama kwa kodi ya Wakenya kupitia taasisi kama KEMRI na vyuo vikuu vya serikali, ama kwa kodi ya wananchi wa nchi nyingine inayoletwa hapa kama ufadhili. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013 iliweka lengo la kutenga asilimia 2 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, na lengo hilo halijafikiwa. Hata kile kidogo kinachotengwa kingeweza kununua dawa za zahanati au kuchimba kisima. Anayetoa pesa hizo, na hasa anayetoa damu yake, anastahili kujua zilizaa nini.

Ugumu ni kwamba watu hawapimi kitu kimoja. Kwa kawaida mtafiti huhesabu makala aliyochapisha na mara ngapi wenzake wameyataja. Hesabu hiyo ina maana yake, kwa sababu maarifa yasiyoandikwa hupotea. Lakini kwa mama wa Nachukui mwenye mtoto aliyevimba tumbo, makala kumi haziwezi kulinganishwa na muuguzi anayejua uvimbe ule ni nini na mgonjwa apelekwe wapi. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Brunel nchini Uingereza, Martin Buxton na Stephen Hanney, walipendekeza kwamba faida ya utafiti wa afya ifuatwe hatua kwa hatua: maarifa mapya, watafiti na utafiti unaozaliwa nayo, maamuzi ya serikali, huduma na afya ya watu, na hatimaye uchumi. Utaratibu wao bado unatumika katika nchi nyingi. Unafaa kwa sababu unaonyesha mahali ambapo mambo hukwama. Tafiti nyingi hufika hatua ya kwanza na kulala hapo.

Turkana haina haja ya kuazima mfano wa mbali. Ina kisa chake, tena kirefu, cha ugonjwa wa haidatidi.

Ugonjwa huu huletwa na tegu mdogo sana, wa urefu wa milimita chache, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi na kushika kwenye manyoya, kwenye vyombo, kwenye maji. Mbuzi, kondoo, ng'ombe au ngamia akiyameza, hupata vifuko vya maji kwenye ini au mapafu. Mnyama anapochinjwa na mbwa akatupiwa mapafu yale, mzunguko unaanza upya. Binadamu anayemeza mayai hupata vifuko vilevile. Hukua polepole, pengine kwa miaka mingi, hadi tumbo linavimba na mgonjwa anashindwa kufanya kazi. Kifuko kikipasuka ndani ya mwili kinaweza kuua. Huku kwetu mbwa ni mlinzi wa boma na mwenzake mtoto mchanga, na uchunguzi uliwakuta wanawake na ugonjwa huu zaidi ya wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaoshinda nyumbani na watoto, vyombo na mbwa.

Mwaka 1963 watafiti Nelson na Rausch walichapisha taarifa kuhusu vimelea hivi kwa watu na wanyama wa Kenya. Mwaka 1982 French na Nelson walitoa hesabu iliyoshtua wengi: kaskazini-magharibi ya Turkana, wagonjwa wapya walifikia takriban 220 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Hakuna mahali duniani palipokuwa pameripotiwa kiwango cha juu kuliko hicho. Wakati huo madaktari wa AMREF walikuwa tayari wakiwapasua wagonjwa wa Turkana na kutoa vifuko, na kila waliporudi walikuta wengine.

Mwaka 1983 AMREF na KEMRI walianzisha mpango wa kudhibiti ugonjwa huu, wakianzia upande wa Lokichoggio. Mbwa waliandikishwa na kupewa dawa ya minyoo, prazikwanteli, kila baada ya wiki sita. Muda huo ulichaguliwa kwa sababu: tegu huhitaji karibu wiki sita hivi tangu aingie kwa mbwa hadi aanze kutoa mayai, kwa hivyo dawa ikimkuta kabla, hakuna yai linaloanguka. Watu nao walielimishwa, wagonjwa wakatafutwa na kutibiwa.

Ndipo likaja swali la kupima. Ungejuaje kama mpango unafanya kazi? Kumbukumbu za hospitali huhesabu waliofika hospitali tu. Mfugaji aliye malisho ng'ambo ya milima ya Lokwanamor, mwenye kifuko ambacho bado hakijamuuma, hayumo kwenye daftari lolote. Vipimo vya damu navyo viliacha wengi.

Watafiti walichukua mashine ndogo ya altrasaundi, ile inayoonyesha picha ya ndani ya tumbo bila kupasua, wakaibeba hadi kwenye maboma. Watu walilala kwenye kitanda cha safari na kupimwa kwa dakika chache. Mwaka 1987 Calum Macpherson, Thomas Romig, Eberhard Zeyhle na wenzao walichapisha katika jarida la Lancet ulinganisho wa mashine hiyo na vipimo vya damu, na mashine ikaonekana kuwa bora kwa kuwatafuta wagonjwa miongoni mwa wahamaji. Njia hiyo ikaenea. Leo altrasaundi ya kubebwa ndiyo inayotumika kupima vijiji vya wafugaji Amerika Kusini, Afrika Kaskazini na Asia. Shule nyingi za udaktari duniani zinafundisha jambo lililojaribiwa juu ya vumbi la Turkana, na ni wakazi wachache wa hapa waliowahi kuambiwa hivyo.

Maarifa mengine yalitoka kwenye vumbi lenyewe. Mwaka 1991 Wachira na wenzake walieleza jinsi mayai ya tegu yanavyoishi katika mazingira ya Turkana. Kwenye mchanga wazi unaochomwa na jua hufa upesi sana. Kwenye kivuli cha nyumba na kando ya maji hudumu zaidi. Ndiyo kusema hatari kubwa haiko malishoni. Iko ndani ya boma anapolala mbwa, na pale mbwa, mbuzi na binadamu wanapokunywa pamoja. Utafiti wa namna hii unaweza kubadilisha ushauri wa afya bila kuongeza shilingi: badala ya kumwambia mtu aogope mbwa kila mahali, unamwambia alinde maji na vyombo.

Je, ugonjwa ulipungua? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya matokeo ya upimaji wa altrasaundi tangu miaka ya 1980, ulionyesha kwamba waliokutwa na vifuko walipungua kutoka zaidi ya asilimia 5 ya waliopimwa hapo mwanzo hadi chini ya asilimia 4 kati ya mwaka 2010 na 2012, na katika awamu moja ya miaka hiyo hadi chini ya asilimia 2. Kwa lugha ya boma: katika watu 1,000, mwanzoni zaidi ya 50 walikuwa nao, na baadaye ni chini ya 40 au hata chini ya 20. Hao ni watu ambao hawakuhitaji kupasuliwa.

Hesabu hiyo inatia moyo, lakini inataka kusomwa kwa uangalifu. Kwanza, awamu mbili zilizofuatana zilitoa viwango tofauti. Ugonjwa haukupanda na kushuka kwa mwaka mmoja. Vifuko hukua kwa miaka. Idadi inaweza kubadilika kwa sababu timu imepima maboma mengine, au kwa sababu wenye uvimbe wamesikia kuna mashine wakaja wengi kuliko wenye afya. Asiyejua nani alipimwa hawezi kujua asilimia ile inasema nini.

Pili, katika muda wa miaka thelathini Turkana ilibadilika kwa njia nyingi. Ukame uliua mifugo na mbwa. Watu walihamia kwenye miji na vituo vya chakula. Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992, ilikua ikawa mji mkubwa wenye soko kubwa la nyama. Shule ziliongezeka. Kila moja ya haya ingeweza kupunguza au kuongeza ugonjwa bila mtafiti yeyote kuwepo. Mtu mwaminifu hasemi kwamba mpango ule peke yake ulipunguza haidatidi. Anasema ulichangia, kisha anatafuta dalili za kuthibitisha mchango huo.

Dalili nzuri kuliko zote ni watoto wadogo. Kifuko cha mzee wa miaka 60 huenda kilianza kabla ya mpango wowote, na kumhesabu hakusemi lolote kuhusu kazi ya juzi. Mtoto wa miaka minne mwenye kifuko kidogo amemeza yai katika miaka hii minne. Altrasaundi husaidia pia kwa sababu huonyesha kama kifuko ni kipya na kiko hai au ni cha zamani na kinanyauka. Kaunti inayotaka kujua kama ugonjwa bado unaambukizwa ingeanza kwa kupima watoto, kabla ya kuhesabu waliopasuliwa mwaka huu.

Dalili nyingine ni mbwa wenyewe, na hapa habari si nzuri sana. Uchunguzi wa kinyesi cha mbwa uliochapishwa mwaka 2006, uliofanywa katika eneo lililokuwa la mpango, ulikuta bado wako mbwa wenye tegu. Dawa ya kila wiki sita ni kazi ngumu kwa jamii inayohama, katika eneo linalopakana na Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, ambako mbwa havuki mpaka kwa pasipoti. Ufadhili unapopungua, dozi hukosa, na tegu hasubiri bajeti ijayo.

Kwa hiyo kisa hiki kina pande mbili. Kwa kipimo cha maarifa, utafiti wa haidatidi Turkana ni miongoni mwa uliofanikiwa sana katika Afrika Mashariki. Kwa kipimo cha huduma, uliokoa watu wengi. Kwa kipimo cha kudumu, bado haijulikani, kwa sababu mtu hupima kinachodumu kwa kurudi tena na tena kupima kwa njia ileile, na kurudi huko ndiko kunakokosa mfadhili. Kuanzisha utafiti mpya huleta sifa. Kurudi kuhesabu watoto wa boma lilelile baada ya miaka kumi hakumpi mtu cheo.

Muda wenyewe huwa mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Kule Kilifi, jaribio la vyandarua vilivyotiwa dawa lililofanywa kati ya 1993 na 1995 lilionyesha kwamba vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa karibu theluthi moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 1996. Ugawaji mkubwa wa vyandarua bila malipo nchini Kenya ulifanyika mwaka 2006, miaka kumi baadaye. Uingereza nako, uchambuzi wa utafiti wa magonjwa ya moyo uliotolewa mwaka 2008 ulikadiria kwamba kati ya pesa kutolewa na mgonjwa kufaidika hupita kama miaka 17. Mtu asiyejua haya atasema utafiti umeshindwa kwa sababu mwaka wa pili hakuna kilichobadilika. Kwa upande mwingine, miaka 17 isiwe kisingizio cha kutoulizwa. Katika miaka hiyo zipo hatua za kati zinazoonekana: ripoti imefika kaunti au haikufika, mwongozo wa matibabu umebadilishwa au la, wauguzi wamefundishwa au bado.

Tangu mwaka 2013 kisa cha haidatidi kimehamia mlangoni kwa kaunti kuliko wengi wanavyofahamu. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti huduma za afya za kaunti, huduma za mifugo, machinjio ya kaunti, na pia udhibiti wa wanyama ikiwemo utoaji wa leseni za mbwa. Mbwa, chinjio na kitanda cha hospitali, yaani mzunguko wote wa tegu, viko chini ya serikali moja. Hapo awali hospitali ilikuwa ya wizara hii na mbwa wa wizara ile.

Maana yake ni kwamba kipimo cha matokeo kinaweza kujengwa kwa kumbukumbu ambazo ni kazi ya kila siku. Mkaguzi wa nyama wa Lodwar, Kakuma au Lokichoggio huona ini na mapafu yenye vifuko kabla ya daktari kumwona mgonjwa. Akiandika idadi, aina ya mnyama na mahali alikotoka, daftari lake huwa utafiti usiohitaji mfadhili. Hospitali ya rufaa ya Lodwar na vituo vyenye altrasaundi vikiandika umri wa mgonjwa na boma lake, inajulikana maambukizi mapya yako wapi. Tahadhari moja: kituo kikipata mashine mpya, wagonjwa wataonekana kuongezeka. Hapo hakuna ugonjwa ulioongezeka, ni macho yaliyoongezeka. Mwaka kama huo ndio watu hukurupuka kulaumu, na mtoa takwimu akiogopa lawama huacha kuandika.

Kuhusu hesabu ya watu, sensa ya 2019 iliandika wakazi 926,976 katika Turkana. Ukigawanya wagonjwa kwa idadi hiyo yote, ugonjwa wa kona moja ya kaskazini unaonekana mdogo, kama chumvi kwenye ziwa. Takwimu za haidatidi zinafaa kutolewa kwa wadi, la sivyo Lowarengak itapewa wastani wa Lodwar na kuambiwa hakuna shida.

Mkazi anayeombwa kushiriki utafiti ana nafasi ya kudai kipimo hiki tangu siku ya kwanza. Mtafiti halali ana leseni ya NACOSTI na kibali cha kamati ya maadili, na anaweza kuonyesha vyote viwili. Leseni hiyo humtaka aarifu wakuu wa kaunti kabla ya kuanza na awasilishe ripoti anapomaliza. Barazani anaweza kuulizwa ni nini kitakachobadilika zahanatini ikiwa matokeo yatakuwa mazuri, na nani atalipia mabadiliko hayo mradi ukiisha. Akutwaye na ugonjwa wakati wa upimaji atapelekwa wapi, kwa gharama ya nani? Matokeo yatarudishwa lini, kwa lugha gani, na mtu wa kuulizwa ni nani kama hayakurudi? Majibu yakiandikwa kwenye kumbukumbu za baraza, chifu anayekuja baada ya huyu anaweza kuyafuatilia. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 pia inampa Mkenya haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma, zikiwemo ripoti za utafiti zilizowasilishwa huko.

Kwa sasa, kinachojulikana kinatosha kuanza kutumika hata kabla ya utafiti mwingine. Mapafu na maini yenye vifuko yasitupiwe mbwa. Yachomwe au yafukiwe shimoni kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Mikono ioshwe baada ya kumshika mbwa na kabla ya kula au kumnyonyesha mtoto. Maji ya kunywa yafunikwe, na sufuria zisiachwe mbwa azilambe. Mbwa apewe dawa ya minyoo kwa ushauri wa ofisi ya mifugo iliyo karibu. Uvimbe wa tumbo unaokua polepole, hata usiouma, upelekwe kituo cha afya na mgonjwa aombe rufaa ya altrasaundi. Vifuko vingine hutibiwa kwa vidonge vya albendazoli au kwa kunyonywa maji kwa sindano chini ya uangalizi wa mashine, bila upasuaji mkubwa. Tiba hizo mbili nazo zilijaribiwa kwa wagonjwa wa Turkana.